Mchezaji na Mtazamaji: Uhakiki wa Raha ya Sataranji na Bao

Katika mijadala yetu juu ya utamaduni wa taifa, ushairi, ngoma na uchongaji hupewa nafasi yake, na ni haki kufanya hivyo. Michezo ya kufikiri, hata hivyo, hutajwa kwa haraka tu, kana kwamba ni njia ya kupotezea muda wakati kahawa inasubiriwa kuiva. Makala haya yanakusudia kuitazama michezo miwili ya namna hiyo, sataranji na bao, kwa jicho lile lile tunalolitumia tunapohakiki shairi au tamthilia. Dai letu ni kwamba mchezaji ana raha yake na mtazamaji ana raha yake. Kwamba raha ya mtazamaji si kivuli cha raha ya mchezaji. Na kwamba mchezo hudumu katika jamii kwa nguvu za mtazamaji aliyefundika zaidi kuliko kwa nguvu za bingwa mmoja mmoja.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni kweli kwa mambo mengi, lakini mbele ya bao au sataranji mwenye macho hana budi kuambiwa, tena afundishwe. Kuna kuona kete, na kuna kuona mchezo.

Raha ya mchezaji

Sataranji ilianzia Bara Hindi, ikapita Uajemi na nchi za Waarabu, na jina tunaloliita kwa Kiswahili limefuata njia hiyo hiyo. Huchezwa katika ubao wa nyumba 64, na kila mchezaji ana vipande 16. Bao la Kiswahili nalo lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64, kila mchezaji akiwa na 32. Hesabu ya 64 inayolingana isitupumbaze, kwa maana roho za michezo hii miwili hazifanani. Katika sataranji kipande cheupe huwa cheupe mpaka mwisho, na kikishaliwa huondoka ubaoni. Katika bao kete haina rangi wala ukoo: iliyokuwa yako sasa hivi, nikiila, nitaipanda upande wangu, na punde si punde yaweza kukurudia. Sataranji ni mchezo wa kupunguza, na bao ni mchezo wa kugawa upya.

Kutokana na tofauti hiyo, raha za wachezaji pia hutofautiana. Mcheza sataranji hufurahia uthabiti wa mambo. Mbele yake kila kitu kimetulia, naye hujenga fikira kama mwashi ajengaye ukuta, jiwe juu ya jiwe. Hofu yake kubwa ni kwamba kipande akishakiachia hawezi kukirudisha. Mcheza bao hufurahia mwendo. Anaanza na kete sita katika nyumba yake, kete mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 mkononi. Kila anaponamua, kete moja inayoingizwa yaweza kuanzisha safari ndefu: kula, kupanda, kula tena, mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu na mkono ulale. Kwa zamu moja sura nzima ya bao hubadilika. Bingwa ni yule aliyeiona sura hiyo mpya kabla hajanyoosha mkono.

Tena kuna kanuni moja ambayo wageni wa mchezo huu huidharau, nayo ni kwamba mwenye uwezo wa kula sharti ale. Mtoto huiona kanuni hiyo kuwa zawadi, lakini fundi huijua kuwa ni mtego. Fundi humwachia mwenzake chakula mahali pabaya, akijua kwamba mwenzake hawezi kukataa, na kwamba shibe hiyo itamfungulia mlango wa kushindwa. Ni raha ya aina gani hii? Ni raha ya kuongoza mkono wa mtu mwingine bila kuugusa.

Hata hivyo raha ya mchezaji ina mipaka. Mchezaji ana upande. Huona vizuri zaidi lile analolitaka kuliko lile lililopo. Akiwa anashinda hufumbwa macho na furaha, na akiwa anashindwa hufumbwa macho na uchungu. Hapa ndipo anapoingia mtazamaji.

Raha ya mtazamaji

Mtazamaji hana cha kupoteza, na kwa sababu hiyo anaweza kuona pande mbili kwa wakati mmoja. Lakini watazamaji si wa daraja moja. Twaweza kuwagawa katika makundi matatu. Wa kwanza hutazama mtu: anataka fulani ashinde, basi. Wa pili hutazama mkono: anauliza, “Sasa atacheza wapi?” na hujipima kwa kubahatisha. Wa tatu hutazama mchezo wenyewe: anajua uzuri ulipo hata ukitoka kwa yule asiyempenda. Huyu wa tatu ndiye mhakiki.

Historia ya sataranji imetuachia kisa kinachoonyesha safari ya kutoka daraja la kwanza kwenda la tatu. Yasimuliwa kwamba huko Baghdad, katika enzi ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908, bingwa wa jumba la khalifa alikuwa al-Mawardi. Alipoletwa mchezaji mwingine, as-Suli, khalifa alimshangilia waziwazi mtu wake wa zamani. Lakini as-Suli alicheza kwa ustadi usio na shaka, na khalifa, alipokwisha kuuona, aliacha upendeleo wake na kumpa mshindi heshima aliyostahili. Mtawala yule alikuja kutazama mtu, akaondoka ameona mchezo. Twamsifu kwa hilo, ingawa yasemekana kwamba alimwaga al-Mawardi kwa maneno ya kejeli. Na kejeli kwa aliyeshindwa si sehemu ya uhakiki.

Mfano wa karibu zaidi ni mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Reykjavik, mji mkuu wa Aislandi, mwaka 1972, kati ya Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti na Robert Fischer wa Marekani. Fischer alichukizwa na kelele na kamera, hata mchezo wa tatu ukachezwa katika chumba kidogo cha nyuma, mbali na watazamaji. Baadaye walirudi ukumbini. Katika mchezo wa sita Fischer alicheza kwa usafi mkubwa kiasi kwamba ukumbi ulipopiga makofi, Spassky, aliyekuwa ameshindwa muda ule ule, naye alipiga makofi. Wakati ule mataifa yao mawili yalikuwa katika uhasama mkubwa, na ulimwengu mzima uliwatazama kama askari wa kambi mbili. Kwa makofi yale Spassky alivuka mpaka wa mchezaji akawa mtazamaji wa daraja la tatu. Kwetu sisi tendo hilo lina thamani sawa na ushindi wenyewe, kwa sababu linathibitisha kwamba uzuri wa mchezo si mali ya mshindi peke yake.

Kasoro za mtazamaji

Haitakuwa uhakiki wa haki tukimsifu mtazamaji bila kumkosoa. Katika kumbi za sataranji mtazamaji hutakiwa kunyamaza. Barazani kwetu, kinyume chake, mtazamaji husema: hutania, hucheka, hukumbusha michezo ya zamani, huuliza kwa nini mkono ulilala pale. Wapo wanaoona kwamba ukimya ndio ustaarabu na kwamba maneno ya barazani ni fujo. Hatukubaliani na rai hiyo. Maneno ya barazani ni sehemu ya mchezo, kama vile itikio la wasikilizaji lilivyo sehemu ya hadithi. Lakini lazima tutenge aina mbili za maneno. Anayesema baada ya mkono kulala anahakiki. Anayesema kabla ya mkono kunyooshwa ananyang'anya: humnyima mchezaji fikira yake, humnyima mpinzani haki yake, na huwanyima watazamaji wenzake raha ya kungoja. Kudokeza ni wizi hata ukifanywa kwa mapenzi.

Kasoro ya pili ni ya zama hizi. Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Tangu hapo mashine zimezidi kuwa na nguvu, na leo mtu asiyejua mengi anaweza kutazama mchezo wa mabingwa huku mashine ikimwambia, kwa tarakimu, nani yuko mbele. Msaada huo una faida yake kwa mwanafunzi mwenye bidii. Hatari yake ni kwamba mtazamaji hupewa hukumu kabla ya kuisikia kesi. Huona kwamba bingwa amekosea, lakini hajui kosa ni nini wala ugumu ulikuwa wapi. Ni sawa na mwanafunzi anayenakili jawabu la hesabu kutoka nyuma ya kitabu: jawabu ni sahihi, ila hesabu hakuifanya.

Mtazamaji kama kitabu

Sasa tufikie jambo lililo kiini cha makala haya. Mwaka 1851, mjini London, Adolf Anderssen wa Ujerumani alicheza sataranji na Lionel Kieseritzky. Anderssen alitoa ngome zake mbili, askofu na hatimaye malkia, kisha akambana mfalme wa mwenzake kwa vipande vidogo vilivyobaki. Kieseritzky mwenyewe, aliyeshindwa, ndiye aliyeuchapisha mchezo huo katika jarida lake mwaka ule ule. Leo mwanafunzi wa Tabora au wa Mombasa anaweza kuucheza upya, hatua kwa hatua, akawa mtazamaji wa jambo lililotendeka zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Hili limewezekana kwa sababu sataranji ina maandishi yake.

Je, ni michezo mingapi ya bao iliyochezwa Unguja, Lamu au Kilwa mwaka 1851 ambayo twaweza kuitazama leo? Mabingwa walikuwapo, hapana shaka, na watazamaji wao walitoka barazani wakisimuliana. Lakini wa mwisho kukumbuka alipokufa, mchezo ulikufa naye. Katika bao, mtazamaji ndiye kitabu. Na kitabu hicho huzikwa.

Tusidhani kwamba jambo hili haliwezi kurekebishwa. Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikaa vichwani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akishirikiana na William Taylor, nazo zikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Muyaka aliokolewa na wasikilizaji wake. Bao nalo limepata watafiti: mwaka 1995, kwa mfano, Mholanzi Alex de Voogt alitoa utafiti wake juu ya umahiri wa mabingwa wa Zanzibar. Kazi kama hiyo yafaa kushukuriwa. Lakini si haki kumwachia mgeni peke yake kazi ya kuandika lile linalofanyika mbele ya macho yetu kila alasiri.

Wengine watasema kwamba bao haliandikiki, kwa kuwa mkono mmoja waweza kuzunguka mashimo mengi mno. Kwa kweli ugumu huo ni wa macho tu. Mwanzo wa bao unajulikana na kanuni zake zinajulikana. Kwa hiyo yatosha kuandika mkono ulianza safu ipi na shimo la ngapi, ulielekea kulia au kushoto, na kama mchezaji alipofika nyumbani alilala au alisafiri. Mengine yote hujileta yenyewe kwa kanuni. Mistari michache katika daftari la shule yaweza kuhifadhi mchezo mzima.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu. Shule inayofundisha bao kwa kutafuta bingwa mmoja itapata bingwa mmoja na wanafunzi mia waliochoka. Shule inayofundisha kutazama itapata wahakiki. Wanafunzi wawili wacheze, wawili waandike, na waliobaki wangoje mkono ulale ndipo waeleze kwa hoja kwa nini ulilala pale na ungeweza kwenda wapi. Aliyeshindwa apewe nafasi ya kwanza ya kusema, kwa mfano wa Kieseritzky. Na kwa kuwa barazani wachezaji na watazamaji wengi wamekuwa wanaume, darasa ambamo wasichana na wavulana huketi pamoja litaupa mchezo huu nusu ya macho uliyoyakosa.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitukumbusha kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Roho hiyo haimo katika ubao wa mninga wala katika komwe zilizomo mashimoni. Imo katika yule aliyeinama juu ya ubao, na katika wale waliosimama nyuma yake wakijua wanachokiona. Wachezaji tunao. Kazi iliyobaki ni kuwafunza watazamaji, na kuwapa kalamu.