Bisibisi Juu ya Simu Mpya

Tarehe 3 Novemba 2017, siku iPhone X ilipoingia madukani, mafundi wa iFixit, kampuni inayofungua vifaa na kuandika miongozo ya kuvitengeneza, hawakuwa kwao California. Walikuwa Sydney, Australia, ambako siku huanza mapema, ili waitie simu hiyo mkononi saa nyingi kabla haijaanza kuuzwa Marekani. Bei yake huko Marekani ilianzia dola 999. Wao waliiweka mezani, wakachukua bisibisi.

Asiyeijua kazi hii atasema hizo ni fujo za wenye pesa. Lakini kuvunja simu hakuhitaji ufundi. Huvunjika hata ikiponyoka tu mfukoni. Hawa hawavunji. Wanarudi nyuma, hatua kwa hatua, katika njia aliyopita mtu aliyeiunga kiwandani, na kila hatua wanaipiga picha na kuiandika ili mwingine aifuate. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 2003 na wanafunzi wawili wa chuo, Kyle Wiens na Luke Soules, baada ya Wiens kutaka kutengeneza kompyuta yake na kukosa mwongozo wowote wa kumwelekeza.

Itazame iPhone X mikononi mwao. Upande wa chini, kushoto na kulia kwa tundu la chaji, kuna skrubu mbili ndogo zenye kichwa cha petali tano. Bisibisi ya dukani haiingii humo. Lazima uwe na yake. Zikitoka, kioo bado hakibanduki, kwa sababu kimezungushiwa gundi ya kuzuia maji. Fundi anazipasha moto kingo, anabandika kipira cha kunyonya, anavuta taratibu mpaka upatikane upenyo mwembamba, kisha anapenyeza kipande cha plastiki na kukitembeza pembeni. Joto likipungua, gundi haiachii. Likizidi, kioo kinaharibika. Na hata gundi ikiisha kuachia, mwenye pupa bado hajaokoka: kioo hufunguka ubavuni kama kitabu, na upande wa kulia kimeshikwa na nyaya bapa, nyembamba mno. Ukikinyanyua moja kwa moja, umezikata.

Baada ya hapo kazi ya kwanza ni kuchomoa kiunganishi cha betri, maana hakuna anayepaswa kugusa kitu ndani ya simu yenye umeme. Ndipo macho yanapopata nafasi ya kutazama, na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Waliiona madabodi, yaani bodi kuu ya simu, ikiwa ndogo isivyo kawaida, wakauliza vilivyobaki vimekwenda wapi. Walipoitia moto na kuitenganisha, wakakuta ni bodi mbili zilizolaliana, zimeunganishwa kwa lehemu pande zote. Waliobuni simu waliposhindwa kupanuka kwenda pembeni walipanda juu. Nafasi iliyookolewa ilikwenda kwa betri, nayo ilikuwa vipande viwili vilivyopangwa kwa umbo la herufi L. Mwaka uliofuata, walipoifungua iPhone XS, L ileile ilikuwa imekuwa kipande kimoja. Ukiziweka picha za simu hizo mbili pamoja, unaona mwaka mzima wa kazi ya wahandisi ambao hawakusimulia lolote.

Betri yenyewe ina mtihani wake. Chini yake kuna mikanda ya gundi inayovutika. Fundi anashika ncha, anaulaza mkanda karibu na mwili wa simu, na kuuvuta polepole ukirefuka na kuwa mwembamba hadi utoke wote. Akiunyanyua juu sana, au akiharakisha, unakatika na kubaki chini ya betri. Hapo itabidi arudi kwenye moto, na betri ya lithiamu haitaki utani na moto, wala na ncha kali.

Lakini kwangu mimi kipimo cha fundi ni skrubu zake. Chukua iPhone 6 ya mwaka 2014. Kibati kidogo kinachofunika viunganishi vya kioo kimefungwa kwa skrubu tano: tatu za milimita 1.2, moja ya 1.7 na moja ya 3.1. Kwa macho ya haraka zote ni sawa. Ukiirudisha iliyo ndefu katika tundu la fupi, inaingia vizuri, inakaza vizuri, na huko chini inatoboa matabaka ya madabodi na kukata njia za umeme. Ndiyo maana mafundi makini huzipanga skrubu juu ya zulia la sumaku, kila moja mahali pake kwa mfuatano iliotoka, hata kama meza nzima haina mtu wa kuwaharakisha. Anayezimimina zote katika kifuniko kimoja ameshaiua simu kabla hajaanza kuifunga.

Macho hayo huona hata yasiyotakiwa kuonekana. Aprili 2019 iFixit waliifungua Galaxy Fold, simu ya Samsung inayokunjwa, ilipokuwa bado haijaanza kuuzwa. Wakaonyesha mianya kwenye bawaba, mahali ambapo uchafu ungeweza kuingia na kuharibu kioo laini. Muda mfupi baadaye waliondoa taarifa hiyo, kwa ombi la Samsung lililopitia kwa mshirika aliyewapa simu. Samsung walikuwa wameshaahirisha mauzo, na simu ilipotoka Septemba ilikuwa imezibwa sehemu hizo. Mchanga hauhitaji mwanya mkubwa, na fundi aliyezoea kupitisha ncha ya plastiki kingoni hawezi kuupita mwanya bila kuugusa.

Faida ya yote haya huja baadaye. Simu iliyofunguliwa Sydney ikiwa mpya itafika siku moja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au barabara ya Luthuli, Nairobi, kioo kimepasuka, mwenyewe amesimama pembeni anauliza itakuwa tayari saa ngapi. Fundi wa hapo hapewi simu ya kujifunzia. Anayoifungua ni ya mteja, na ikifa itabidi ailipe. Picha inayomwonyesha nyaya ziko upande gani kabla hajanyanyua kioo ina thamani ya simu nzima.

Waundaji nao wameanza kujua kwamba kuna mtu atakayefungua. iPhone 16 ya mwaka 2024 ina betri ambayo gundi yake huachia ikipitishiwa umeme mdogo: betri ya kawaida ya volti 9, klipu mbili, na kusubiri kama dakika moja na nusu. Mtu fulani huko kiwandani amemfikiria fundi wa mwisho. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa kitu kilichotengenezwa.

Miongozo ya iFixit huishia na agizo lilelile: kuiunga simu, fuata hatua hizi kinyumenyume. Ni sentensi fupi, na ndiyo mtihani wenyewe. Kama hatua moja ilirukwa wakati wa kufungua, itajulikana hapo, simu itakapokataa kuwaka.