Kutu ya Kuachwa na Kutu ya Kukatwa

Kabla ya kuwasha mashine yoyote, fundi hugonga. Ana kinyundo chepesi chenye ncha upande mmoja, nacho hukipitisha ubavuni mwa kontena kuanzia mlangoni hadi nyuma, akigonga kila mgongo wa bati na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti iliyokufa, na hapo hukigeuza kinyundo akadunga kwa ile ncha. Ikizama, anatoa chaki mfukoni na kuzungushia mstari. Isipozama, anapangusa vumbi la kutu kwa kiganja, anatazama rangi yake kwa makini, kisha anapita.

Yadi iko upande wa Makupa, pale kisiwa cha Mombasa kinapoishia na malori yanapobanana kuelekea Changamwe. Makontena yanayoletwa hapa yalishushwa Kilindini, yakapanda bara na mizigo, yakarudi matupu. Mengine yameshamaliza umri wao wa baharini na yanatafutiwa wanunuzi, yawe maduka, stoo au ofisi za mijengo. Yote huja na majeraha: bati lililotobolewa na uma wa foklifti, paa lililobonyezwa na mtambo wa kunyanyulia, reli ya chini iliyoburutwa kwenye kokoto.

Kutu anayoiacha fundi ni ya kahawia iliyokolea, yenye chembe ndogo, iliyoshika bati hata kwa ukucha haitoki. Hiyo ndiyo hulka ya chuma chenyewe. Makontena mengi hutengenezwa kwa chuma cha aina ya Corten, ambacho kampuni ya United States Steel ilianza kukiuza Marekani mwaka 1933, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mabehewa ya makaa ya mawe. Hutiwa shaba, kromiamu, nikeli, silikoni na fosforasi, kila kimoja kwa kiasi kidogo sana. Shaba haifiki hata asilimia moja. Chuma cha kawaida kikishika kutu, ile kutu hubanduka tabaka kwa tabaka na kuacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa tena. Cha Corten hutoa kutu iliyoshikamana, ikafunika kilicho chini yake, na ulaji ukapungua kasi.

Ila kuna sharti. Bati lilowe kisha likauke, lilowe tena, likauke tena. Hapa pwani kukauka kwenyewe ni kwa shida. Chumvi inayoletwa na upepo hunyonya unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma usiku kucha, na ile ngao haipati kukomaa. Ndiyo sababu kontena hupakwa rangi, na rangi ya kwanza ni ya zinki, ambayo huliwa yenyewe badala ya chuma. Mahali rangi ilipokwaruzika ndipo fundi hugonga mara mbili. Paani hutafuta mabonde, maana maji ya masika yakituama kwenye bonde dogo hayaondoki hadi yatoboe.

Na bati hilo ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani. Ubavuni, unene wake kwa kawaida ni milimita 1.6 tu. Mzigo wa makontena yaliyopangwa juu huchukuliwa na nguzo nne za pembeni na zile pembe nane za chuma cha kusubu. Mlangoni kuna kibao cha usalama, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972. Hiki cha leo kinasema uzito wa juu kabisa ni kilo 30,480, na mzigo unaoruhusiwa kulundikwa juu ni kilo 192,000. Fundi hukisoma kibao kabla ya kukubali kazi. Akikuta ufa kwenye pembe, haichomelei. Huandika alama ya msalaba kwa chaki na kumwambia mwenye kontena aibadilishe pembe nzima, au alitoe kontena kazini. Naiheshimu sana hiyo chaki yake.

Leo kidonda ni cha ubavuni, chini, karibu na reli. Kijana wake anaondoa ubao wa sakafu ulio jirani na kuweka ndoo ya maji karibu, kwa sababu plaiwudi hushika moto polepole bila mtu kujua. Fundi anapima kwa futi, anachora pande nne, akiupeleka mstari nje ya kutu kwa upana wa vidole viwili hadi afike kwenye chuma kizima, kisha anakata kwa grainda. Kipande kibovu kinaanguka. Kingo zilizobaki anazisugua kwa brashi ya waya, nje na ndani, mpaka ziwe nyeupe.

Kiraka hakitoki kwenye bati jipya la dukani. Kimekatwa kutoka kontena lililochoka, lililolala nyuma ya yadi, ili chuma kiwe cha jamii moja na mikunjo ikubaliane. Bati la kawaida lingeoza mapema na kuuacha mshono ukining'inia. Halafu fundi hakilazi kiraka juu ya tundu, hata kama ingekuwa kazi ya dakika chache. Mabati mawili yakilaliana huficha chumvi na maji katikati. Anakitia ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo, anakitoa, anakipitishia tupa upande mmoja, anakirudisha, anakitoa tena.

"Ami, hapo si kimeingia?" kijana anauliza.

"Kimeingia kwa kulazimishwa, mwanangu. Kikipata moto kitavimba."

Anakitoa mara nyingine. Kinaporudi, kinakaa bila kusukumwa.

Kuchomelea bati jembamba ni kazi ya kujizuia. Anagusa nukta moja kona ya juu, anahamia kona ya chini upande wa pili, kisha katikati, akiruka huku na huku ili moto usikusanyike pamoja na kulipinda bati. Kila baada ya nukta chache anaweka kiganja karibu na chuma kupima joto. Likizidi, anakaa. Baada ya hapo hujaza mapengo kwa vipande vifupi vifupi, na mshono ukikamilika unaonekana kama ukili uliosukwa na mkono uliozoea, mapigo sawa, upana sawa. Anabandua gamba la juu, anasawazisha kidogo kwa grainda, wala hasagi mpaka mshono uishe nguvu.

Sasa anaingia ndani ya kontena na kijana anamfungia milango. Huo ndio mtihani. Kwenye giza lile, tundu dogo kuliko ncha ya sindano hujitangaza kwa nuru ya jua. Anapotoka anaonyesha kwa kidole mahali pamoja, kwenye kona. Mashine inawashwa kwa nukta moja tu, na milango inafungwa upya.

Rangi hupakwa pande zote mbili, maana ule moto uliounguza rangi ya nje umeunguza ya ndani pia, na wavivu husahau ya ndani. Kwanza zinki. Fundi anaipaka kwa brashi ndogo, akiisukuma kwenye mabonde ya mshono, kisha anaosha mikono na kuketi. Simu inalia, ni mwenye kontena, ana lori linasubiri.

"Nimwambie jioni, Ami?"

"Mwambie kesho mchana. Jioni umande utashuka, na zinki haijakauka."

Kijana anapokea simu na kusema kesho mchana. Fundi ameshachukua kinyundo na kwenda kwenye kontena la pili.