Kidingapopo: Jina la Maradhi na Njia Yake

Si mara nyingi neno la Kiswahili hupata kuvuka bahari na kuingia katika vitabu vya utabibu vya Ulaya. Na pale livukapo, sisi wasomaji wa lugha hii huridhika kulionea fahari, tusilipime. Neno ninalokusudia kulipima hapa ni kidingapopo. Lilipigwa chapa mwaka 1872 katika jarida la matabibu wa Uingereza, na aliyelipeleka huko ni Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Unguja. Yeye aliliandika kidinga pepo. Tangu hapo limetajwa mara nyingi na wanachuoni wa maradhi, na mara chache sana na wanachuoni wa Kiswahili, ambao ndio wenyewe.

Rai yangu ni kwamba jina hili lina sifa moja kubwa na upungufu mmoja mkubwa, na kwamba upungufu huo haukuishia katika kamusi, bali ungali katika maneno tutumiayo leo tunapowaonya watu juu ya maradhi.

Nianze na sifa. Katikati ya mwaka 1870 Unguja ilikuwa imetoka tu katika kipindupindu kilichoingia mwishoni mwa 1869 na kuua watu kwa maelfu. Ndipo yakazuka maradhi ya namna nyingine kabisa. Homa ilimpanda mtu kwa ghafula, viungo vikashikwa hata kusimama kukawa taabu, kisha upele ukafuata. Waliokufa walikuwa wachache mno, lakini nyumba nzima nzima zililala, na wengi waliopona walibaki na maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Christie aliandika kwamba wazee wa mji waliyatambua maradhi hayo, wakayataja kwa jina, wakasema yalipata kuwajia zamani, kiasi cha mwaka 1823.

Hebu tuzingatie jambo hili. Kwa muda wa karibu miaka 50 maradhi yalitoweka, na jina halikutoweka. Hapakuwa na daftari la hospitali lililolitunza. Lilitunzwa vinywani, na siku maradhi yaliporudi, jina lilikuwapo likingoja. Kama si jina hilo, Christie angalikuwa na tukio moja tu la kueleza. Kwa ajili ya jina alipata matukio mawili, na mtu mwenye mawili aweza kulinganisha. Hii ni kazi ya elimu iliyofanywa na lugha, na haijapewa shukrani yake.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Christie alifahamu kwamba maana yake ni kushikwa na pepo kwa ghafula, mkakamao umjiao mtu kama pigo. Kamusi zilizofuata ziliandika popo mahali pa pepo, na leo hilo ndilo sanifu. Herufi moja imebadilika, na pepo amegeuka mnyama aruka usiku. Mimi naegemea upande wa pepo, kwa sababu pepo analo kabila lake katika majina ya maradhi yetu: pepopunda ni ndugu yake dhahiri, maana hilo nalo ni maradhi ya kukakamaa. Popo hana jamaa hapo. Yamkini masikio ya watu yalikwisha kusahau maana, yakabaki na mlio. Na neno likishapoteza maana yake huenda popote ulimi upelekapo.

Lakini liwe pepo au popo, jina hili lina tabia ile ile ya wenzake. Majina yetu ya zamani ya maradhi hueleza aonavyo mgonjwa, au aonavyo yule aketiye kando ya kitanda. Malale yataja usingizi, wala hayamtaji mbung'o. Kipindupindu chataja mwili unavyopindika, wala hakitaji maji. Degedege ni jina la mtukutiko wa mtoto. Na kwa kuwa jina hilo limesimama peke yake, mbali na malaria, wazazi wengi wa pwani ya Tanzania waliifahamu degedege kuwa ni maradhi mengine, tena ya mganga na si ya hospitali, hali aghalabu ilikuwa ni malaria kali imepanda kichwani. Hapo jina si pambo tena. Ni jambo la mtoto kufika kwa daktari asubuhi au kufika jioni.

Isidhaniwe kwamba nawalaumu wahenga. Wataliano walijaribu kutaja njia ya maradhi, wakakosea: malaria kwao ni hewa mbaya, na kosa hilo sasa limeenea duniani kote. Wahenga wetu walitaja walichokiona, wakanyamaza juu ya wasichokijua. Katika hilo walikuwa waaminifu kuliko Wataliano. Ila anayetaka kuyazuia maradhi hafiki mbali kwa kujua yanavyouma tu; sharti ajue yanavyokuja.

Christie huyu huyu alilijua hilo vizuri, na kitabu chake kikubwa chatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1876 alitoa London kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, toka mwaka 1821 hadi 1872. Kwangu mimi hicho ni kitabu bora kuliko makala yake ya kidingapopo, na ubora wake watokana na swali aliloliuliza. Hakuwauliza watu tu kipindupindu kinaitwaje; aliwauliza kilipita wapi. Aliwahoji wafanya biashara na watu wa misafara waliozijua njia za bara, akapanga habari zao, na kwa habari hizo akaonyesha kwamba kipindupindu cha 1869 hakikuja Unguja kwa bahari kutoka Bara Hindi kama mtu angedhania, bali kilishuka kutoka kaskazini kwa nchi kavu, kikapita nchi ya Wamasai, kikatokea Pangani, na toka hapo ndipo kikavuka kwa vyombo. Haya yaliandikwa miaka saba na zaidi kabla ya Robert Koch kumtambulisha mdudu wa kipindupindu huko Misri na Calcutta, mwaka 1883 na 1884. Mtu asiyemjua mdudu aliijua njia, kwa kuwa aliwasikiliza walioitembea.  

Na jina likazaa mkanganyo. Ulaya ilikuwa tayari na neno dengue, lililotoka visiwa vya Karibi katika mlipuko wa 1827 na 1828. Christie aliona mfanano wa sauti, na katika makala nyingine ya mwaka 1881 akashikilia kwamba dengue ni mtoto wa dinga ya Waswahili. Wengine hulipeleka neno hilo kwenye Kihispania. Ugomvi huo wa nasaba wapendeza, nami nauacha kwa wanaoupenda. Lililo zito zaidi ni kwamba tangu siku hiyo kidingapopo na dengue vilifanywa kuwa kitu kimoja, na kamusi zetu zikafuata: kidingapopo, homa ya dengue, basi.

Mwaka 1952 na 1953 maradhi ya kuvunja viungo yalienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, Newala na jirani zake, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde waliyaita chikungunya, yaani yale yamkunjayo mtu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliyaandika mwaka 1955. Virusi vyake vilipatikana, na ikawa wazi kwamba si vile vya dengue. Kisha, mwaka 1971, Donald Carey alirudi kuzisoma upya habari za zamani, na kwa kuyaangalia maumivu yale ya viungo yasiyokwisha, akatoa hoja kwamba yaliyoikumba Unguja mwaka 1823 na 1870 hayakuwa dengue hata kidogo. Yalikuwa chikungunya. Kwa hiyo neno la Unguja, lililopewa maradhi fulani na watu waliougua maradhi hayo, limekaa karibu miaka 100 likitafsiriwa kwa jina la maradhi mengine, na kamusi zetu zingali zinalitafsiri hivyo.

Mtu aweza kusema: yote mawili ni homa, yote mawili huletwa na mbu, kuna hasara gani? Hasara ipo. Dengue ikizidi humfanya mgonjwa avuje damu na kuanguka, na huweza kumwua. Ndiyo maana haifai apewe aspirini, ambayo huongeza kuvuja huko. Chikungunya ni nadra kuua, lakini huweza kumlemaza mtu viungo kwa miezi, hata miaka. Muuguzi anayesoma neno moja kwa maradhi mawili amenyimwa habari aliyoihitaji.

Hata hivyo njia ya maradhi haya mawili ni moja, na hapa nakuja kwenye lugha ya matangazo yetu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na katika huu wa mwisho walioandikishwa walikuwa maelfu. Aghalabu lugha ya onyo ilikuwa ile ile iliyozoewa katika malaria: laleni ndani ya chandarua, fukieni madimbwi. Kosa lake ni katika neno mbu. Kiswahili kina neno moja tu kwa wadudu wenye tabia mbalimbali. Mbu wa malaria huuma usiku na hupenda maji yaliyotuama nje. Mbu wa dengue na chikungunya ni mweusi mwenye michirizi meupe miguuni. Huuma mchana, asubuhi na alasiri zaidi, naye hutaga katika maji ya nyumbani: mtungi, pipa, dumu lililokatwa, tairi, kifuu cha nazi. Mtu aliyetii tangazo, akalala chini ya chandarua na kufukia dimbwi la uani, ameumwa mezani pake wakati wa chakula cha mchana na mbu aliyezaliwa katika pipa lake mwenyewe.

Neno kuambukiza nalo lina lake. Hutumiwa kwa ukoma, kwa surua, kwa kifua kikuu na kwa dengue pia, na msikiaji huelewa kwamba hatari imo mkononi au pumzini mwa mgonjwa. Akamtenga ndugu yake asimguse, wala asimwekee chandarua mchana. Na hilo la pili ndilo lililofaa, kwa maana mbu humnyonya mgonjwa, na baada ya siku kadhaa ndipo awape wengine. Mbu mwenyewe haruki mbali na nyumba alikozaliwa. Anayevuka bahari ni mtu, na damu yake pamoja naye.

Mfano wa Lamu watufundisha zaidi. Chikungunya iliingia kisiwani humo mwaka 2004, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba wakazi watatu kati ya kila wanne walikuwa wameipata. Toka pwani hiyo ilifika Komoro na Réunion, kisha Bara Hindi, ambako mwaka 2006 walioshukiwa kuugua walizidi milioni moja. Ni takriban njia ile ile ya miaka ya 1870, ambapo maradhi yalitoka Unguja yakafika Aden na Bara Hindi. Ila safari hii palikuwa na ndege juu ya vyombo vya baharini. Na Lamu haikuwa imefurika mvua. Kulikuwa na ukame. Watu waliweka maji majumbani kwa muda mrefu kwa sababu hawakujua watapata lini mengine, na mbu akazaa ndani ya akiba hiyo. Newala ilikuwa vivyo hivyo: uwanda wa juu usio na maji, mitungi ndani ya nyumba. Tangazo linalosema maradhi haya huja na mvua na madimbwi lingewaacha watu wa Lamu wakijihisi salama katika mwaka wao mbaya kuliko yote.

Kwa hiyo nadhani waandishi wa kamusi waandike kwamba kidingapopo ni jina la kale la homa ya kuvunja viungo, iliyodhaniwa kuwa dengue na yamkini ilikuwa chikungunya, iletwayo na mbu wa mchana. Mbu wa mchana ni jina rahisi, lenye kutaja njia, na halihitaji Kilatini. Na waandishi wa matangazo waseme: funika maji ya kunywa kwa kitambaa kilichobana; pipa likiisha maji, lisugue kwa ndani kabla ya kulijaza tena. Kusugua ndiko muhimu, nako mara nyingi huachwa, kwani mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwambia mtu amwage tu, katika mji ambao maji hununuliwa kwa dumu, ni kumwomba atupe fedha na kuyaacha mayai.

Wenyeji wa Lamu walikuwa na dawa yao ya zamani. Katika birika za misikitini na majumbani walifuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi wa mbu, na desturi hiyo yaonekana hata leo katika nyumba kongwe. Aliyeianza alijua njia ya mbu, kama hakujua mengine. Lakini birika ni jengo la mawe, na samaki hakai katika dumu la plastiki la lita 20, ambalo ndilo chombo cha maji cha walio wengi siku hizi.