Uamuzi wa JAXB 2.0 Unaozika Hitilafu

Waliobadilisha chaguo-msingi la JAXB, maktaba ya Java inayogeuza XML kuwa vitu, mwaka 2006 walikosea, na kosa lao linakula data za watu mpaka leo. Waliamua kwamba thamani isiyosomeka ikitokea katikati ya waraka wa XML, JAXB iiruke kimya, kisha imkabidhi msanidi kitu kilichojaa nusu bila kumwambia neno.

Chukua waraka wa malipo wenye elementi iitwayo kiasi. Aliyeandika mfumo unaoutuma amezoea kutenganisha maelfu kwa mkato, kama risiti zetu zote zinavyoandikwa, kwa hiyo ndani yake mna 1,250,000. Upande wako klasi ina uga wa int wenye anotesheni yake, nawe unaita unmarshal kwa ile mistari mitatu ambayo kila somo la mtandaoni huifundisha. JAXB inafika kwenye mkato wa kwanza, inashindwa kusoma namba, NumberFormatException inazaliwa na kufia humo humo. Kitu kinarudi. Jina la mlipaji lipo, tarehe ipo, namba ya kumbukumbu ipo. Kiasi ni 0. Kama ungetumia BigDecimal ungepata null, na hapo ungekuwa na bahati, maana huko mbele NullPointerException ingepiga kelele. Sifuri haipigi kelele. Inaingia kwenye hifadhidata, inajumlishwa na wenzake, inatoka kwenye ripoti ya jioni, na mhasibu ndiye anayeanza kutafuta fedha ambazo msimbo uliziona ukazipita.

Fungua msimbo wa utekelezaji rejea uliotoka Sun, utaukuta uamuzi huu umekaa katika mstari mmoja wa UnmarshallerImpl. Usipoweka mpokeaji wako wa matukio ya uhakiki, klasi hiyo inajiteua yenyewe, na metodi yake ya handleEvent inauliza swali moja tu: je, tukio hili ni FATAL_ERROR? Kama siyo, kazi iendelee. Namba mbovu imepewa daraja la ERROR, basi kazi inaendelea. Haiandiki kitu kwenye logi, wala haikuachii orodha ya yaliyorukwa ili uisome baadaye. Ujumbe kamili, wenye hata namba ya mstari wa waraka, ulikuwa umeshaandaliwa, ukatupwa.

Elementi zisizotarajiwa zinatendewa vivyo hivyo. Andika nafasi ya majina kwenye XmlRootElement, kisha sahau kuweka package-info yenye elementFormDefault ya QUALIFIED, uone: waraka umejaa, lakini nyuga zako zote ni null. Wengi wetu tumepoteza mchana mzima hapo. Na mlangoni kwenyewe kuna ukali! Mzizi ukiwa na nafasi ya majina isiyojulikana, unarushiwa UnmarshalException palepale, pamoja na orodha ya elementi zilizotarajiwa. Maktaba inayojua kukataa mzizi inashindwaje kukataa kiasi cha fedha?

Hoja ya waandishi wa kiwango cha JAXB inafahamika. Skima hubadilika, mtumaji akiongeza elementi mpya, mpokeaji wa zamani asianguke. Kwa elementi mpya naikubali, ingawa kwa shingo upande. Ila kiasi chenye mkato hakitokani na skima iliyokua. Skima ile ile, elementi ile ile, thamani ndiyo mbovu. Waliweka mambo mawili tofauti katika kapu moja la uvumilivu, kisha Desemba 2006 kapu likaingizwa ndani ya Java 6, likafika kwenye kila seva bila mtu kuliagiza.

JAXB 1.0 ya mwaka 2003 ilikuwa nzito, klasi zake zilizozalishwa zilichosha macho, lakini ilisimama kwenye kosa la kwanza. DefaultValidationEventHandler ndiye aliyekuwa zamu, na bado yumo kwenye kifurushi cha helpers, huku Javadoc yake ikikiri kwamba kuanzia 2.0 yeye si chaguo-msingi tena.

Halafu kuna maktaba ya JiBX ya Dennis Sosnoski, ambayo nitaitetea hata ikisahaulika na wote. Pale uvumilivu ulikuwa kitu cha kuombwa. Ulitaka elementi usizozijua zirukwe? Uliandika flexible kuwa true kwenye faili la ufungaji, katika muundo husika tu, na yeyote aliyelisoma faili hilo baada yako aliona ulichokiruhusu. Usipoandika, jibu lilikuwa hapana. Hata maktaba ya JSON ya Jackson, toleo la 2, ilianza na FAIL_ON_UNKNOWN_PROPERTIES ikiwa imewashwa.

Kazi nyingine ya Kohsuke Kawaguchi na wenzake walioandika JAXB 2.0 ilikuwa safi: anotesheni zinasomeka, na zana ya xjc, inayozalisha klasi kutoka skima, inameza skima kubwa bila kulalamika. Ila sitaisamehe XMLGregorianCalendar, ambayo xjc inatupa mpaka leo kwa kila dateTime.

Watetezi watasema dawa ipo: setSchema, au setEventHandler inayorudisha false, mstari mmoja tu. Ni kweli, na kama una msimbo wa JAXB unaogusa fedha, vipimo vya maabara au matokeo ya mitihani, uongeze mstari huo leo kabla ya kwenda nyumbani. Lakini anayejua kuuandika ni yule aliyekwishaumia. Mgeni anaamini kwamba kukosekana kwa eksepsheni maana yake waraka umesomwa wote.

Nafasi ya kurekebisha ilikuja mwaka 2020, javax.xml.bind ilipogeuzwa kuwa jakarta.xml.bind katika toleo la 3.0. Kila import ilivunjika, kila mradi ulilazimika kuguswa, na kila timu ilikuwa tayari imetenga muda wa kupima upya. Wasimamizi wake walibadilisha majina ya vifurushi, na handleEvent wakaiacha kama ilivyokuwa.