Nyundo, goti na unga wa muhogo

Mwaka 1985, ukame ulipoibana Tarime, watu waliokuwa na afya zao walianza kushikwa na miguu. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Ndani ya siku chache ugonjwa ulifika kikomo chake, ukabaki hapohapo: hauzidi, wala hauponi. Walioumia zaidi walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tarime iko Mara, mkoa unaopakana na Simiyu, na chakula kilichowafikisha wagonjwa katika hali hiyo hata mtu wa Binza au Bariadi, huko Simiyu, anakijua vizuri. Ni ugali wa muhogo, hasa mvua zikigoma.

Dk. William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Hans Rosling wa Sweden waliuchunguza ugonjwa huo, wakachapisha matokeo katika jarida la Brain mwaka 1990. Ulikuwa konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa Kongo mwaka 1938. Maabara iliwasaidia kujua chanzo. Lakini kujua mwilini hitilafu imekaa wapi ilikuwa kazi ya nyundo ya mpira, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Amri ya kutembea hupita kwenye neva za ngazi mbili. Za juu hutoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya uti wa mgongo. Za chini huanzia kwenye uti wa mgongo na kwenda hadi kwenye msuli. Ngazi yoyote ikiharibika, mguu hupooza, na kwa kutazama tu ni rahisi kudanganyika. Miaka ile polio ilikuwa bado ipo Tanzania, kwa hiyo mtoto aliyeacha kutembea ghafla angeweza kuhesabiwa mgonjwa wa polio bila mtu kuuliza zaidi.

Goti hutoa jibu. Mgonjwa anakaa kitandani miguu ikining'inia. Mpimaji anapapasa kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, anaweka kiganja cha mkono mwingine juu ya paja, kisha anaiacha nyundo ianguke kwa uzito wake. Wengi hukosea hapa: hugonga kwa nguvu kama wanaopigilia msumari, mgonjwa anajikaza, kipimo kinaharibika. Kano ikigongwa, msuli wa paja huvutika ghafla. Taarifa hukimbilia uti wa mgongo, usawa wa neva ya tatu na ya nne za kiunoni, huruka kiungo kimoja tu kati ya neva na neva, kisha amri hurudi papo hapo: paja likaze. Ubongo hauulizwi. Kazi yake ni kutuliza, kama mwendesha baiskeli anayegusa breki kwenye mteremko.

Kwa hiyo neva za chini zikifa, kama katika polio, mguu hulegea na goti hunyamaza hata ukiligonga vipi. Zikiharibika za juu, utulizaji unaondoka: mguu hukakamaa na goti huruka kupita kiasi. Kifundo nacho hutoa ushahidi. Unaukunja unyayo kuelekea juu kwa ghafla na kuushikilia, nao unaanza kudunda wenyewe mfululizo. Halafu unakwaruza ukingo wa nje wa unyayo kutoka kisigino kuelekea vidole. Kwa mtu mzima asiye na tatizo kidole gumba huinama, lakini neva za juu zikiwa zimeumia huinuka. Joseph Babinski aliieleza dalili hiyo mwaka 1896. Kwa mtoto mchanga kuinuka ni kawaida, kwa hiyo usimtishe mama yake.

Goti linaloruka halitoshi peke yake kuthibitisha konzo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hurusha magoti, ila mara nyingi huja na maumivu au kibyongo, ganzi kuanzia usawa fulani wa mwili, na mkojo usiozuilika. Mgonjwa wa konzo kwa kawaida anahisi mguso vizuri na anadhibiti haja zake. Ndiyo maana vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 ni vitatu tu: mwendo wa kukakamaa pande zote mbili, ugonjwa ulioanza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha ukasimama, na mruko wa magoti au vifundo uliozidi pande zote mbili bila dalili ya ugonjwa wa mgongo. Vyote vinapimika katika zahanati isiyo na umeme. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa kuliko picha yoyote ya mashine, ingawa nyundo hizi mara nyingi huishia kwenye droo.

Chanzo kilikuwa jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuuvundika na kuuanika. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, na wakati wa ukame maharage, samaki na nyama huwa vimeadimika.

Neva zilizokwisha kuumia hazirudi, lakini ugonjwa unazuilika. Mbali na kuuvundika muhogo kikamilifu, unga ukiloweshwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sehemu kubwa ya sumu iliyobaki hutoka. Kisha usongwe ugali siku hiyohiyo. Nawe tabibu, ukikuta magoti yote mawili yanaruka na mgongo hauna tatizo, muulize mgonjwa amekula nini wiki zilizopita, na unga wake uliandaliwaje.