Subira katika Upimaji wa Mionzi ya Hewa

Alfajiri ya kiangazi, baridi inapoikalia Iringa chini ya mwamba wa Gangilonga, au Mbeya chini ya mlima Loleza, hewa iliyo karibu na ardhi aghalabu huwa na mionzi mingi kuliko ile ya adhuhuri, wala hakuna mja aliyeichafua: ni radoni, gesi isiyo rangi wala harufu, izaliwayo na yurani iliyomo katika udongo na matale, ambayo hutoka usiku kucha ikajilimbikiza hadi jua liipashe hewa moto na kuitawanya.

Basi atafutaye hewani dalili ya bomu lililojaribiwa mbali, au ya mtambo uliovuja, hana budi kuitambua chembe ngeni katika kaumu kubwa ya wenyeji. Kazi hiyo hufanywa katika kituo cha Dar es Salaam, RN64, kimoja katika vituo 80 vya namna hiyo vilivyopangwa chini ya Mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Katika vituo hivyo pampu huvuta hewa isiyopungua meta za ujazo 500 kwa saa, muda wa saa 24, ikaipitisha katika chujio linasalo vumbi. Kisha chujio lile, badala ya kukimbizwa kwenye kipimo, kwa desturi huachwa kando kwa kadiri ya siku nzima, ndipo liwekwe mbele ya fuwele ya jemaniamu iliyopozwa mno, isomayo nguvu ya kila mwali wa gama.

Kungoja huko ndiyo hila yote. Vizazi vya radoni vilivyonaswa hufifia kwa saa chache. Risasi-212, itokanayo na thoriamu, hupungua nusu kila saa 10.6, hata baada ya siku moja husalia kama fungu moja katika matano. Ilhali iodini-131 huhitaji siku 8 kupungua nusu, na sesiamu-137 miaka 30. Isiyoondoka upesi miongoni mwa wenyeji ni beriliamu-7, iundwayo juu angani na miali itokayo nje ya dunia, nami naiona ni shahidi mwema kuliko wote, kwani siku ikikosekana chujioni, wa kutiliwa shaka kwanza ni pampu.

Lakini Dar es Salaam hupata pepo za bahari, na bahari haitoi radoni ila kidogo mno. Mbeya si hivyo: karibu na Songwe kipo kilima cha Panda, ambacho piroklori yake, ichimbwayo duniani kwa ajili ya niobiamu, ni madini yaliyozoea kufuatana na thoriamu. Chujio la upande huo huenda likahitaji kungojewa zaidi, na kila saa iongezwayo huila iodini nayo. Kwa hiyo atakayetega pampu Mbeya au Iringa, kabla hajadai kugundua lolote, apime kwanza mwaka mzima, kiangazi na masika, udongo mkavu unapoiachia gesi na ulioloa unapoizuia.