Kukomaa na Kuzeeka: Tahakiki ya Dhana ya Joto katika Utafiti wa Resini za Poliimidi

Sehemu hii inahakiki namna maandiko yanavyoeleza athari ya kuzeeka kwa joto katika kemia ya ukomaaji wa resini za poliimidi. Mfano unaochukuliwa ni PMR-15, iliyotokana na kazi ya Serafini, Delvigs na Lightsey iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1972. Nguvu ya kazi hiyo ni urahisi wake: monoma tatu huyeyushwa katika methanoli, huungana kuwa imidi kwenye takribani 200°C, kisha ncha za minyororo hufungamana kwenye takribani 316°C.

Udhaifu umo katika matumizi ya neno moja, kuzeeka, kwa michakato miwili. Wa kwanza hutangulia ukomaaji: nyuzi zilizolowekwa resini zikikaa nje ya jokofu, monoma huanza kuungana polepole, na resini hutiririka vibaya inapokandamizwa kwa joto. Wa pili hufuata ukomaaji: mwanzoni ufungamano huendelea na halijoto ya mpito wa kioo hupanda; baadaye oksijeni hushambulia uso, tabaka la nje husinyaa, na nyufa ndogo hufungua njia ya ndani. Mtafiti asiyetenganisha michakato hii huweza kulaumu tanuri kwa kosa la ghala.

Kwa maabara ya Dodoma, hoja hii si ya kinadharia tu. Malighafi inayopokelewa katika bandari ya Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 400 kufika uwanda wa kati. Pasipo ubaridi, kuzeeka kwa kwanza huanza njiani. Aidha, mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 12 kuliko pwani. Oksijeni nayo hupungua kwa kiwango hicho. Kwa hiyo upotevu wa uzani uliopimwa katika tanuri lenye hewa mjini humo haupaswi kulinganishwa moja kwa moja na takwimu za usawa wa bahari.

Kipimo cha uzani pekee, basi, hakitoshi. Tasnifu inayodai kueleza ukomaaji inapaswa kuonyesha historia ya uhifadhi, spektra za infraredi kabla ya kukandamiza, na jaribio la ulinganisho katika naitrojeni. Pasipo hayo, muda wa matumizi unaokadiriwa hubaki dai lisilo na ushahidi.